Riviera Isiyo na Taa

Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026. Asubuhi hiyo Jeddah kulikuwa na mawingu mepesi na unyevu wa kugandisha shati mgongoni, na mimi nilikuwa bado nimevaa sweta ya baridi ya Riyadh.

Zablon, dereva wa lori, aliegesha kando ya barabara pale Sharafiya, tukashusha gari. Lilikuwa Buick Riviera la mwaka 1965, gari la Kimarekani la milango miwili, ambalo bosi wangu alimnunulia kaka yake mkubwa, Baba Mansur wa mtaa wa Al-Rawdah. Kule Riyadh, gereji ya Al-Murabba, nililikuta limeshafunikwa turubai. Bosi aliniambia, "Jackton, likifika zima, utaenda harusi ya binti yako. Likifika na kasoro, halas, mafi likizo, hakuna kwenda."

Harusi ya binti yangu Valary ilikuwa mwezi wa pili. Sikuwa nimemwona kwa miaka minne.

Nikavuta turubai. Gari halikuwa na taa za mbele.

"Zablon, taa ziko wapi?"

"Taa gani? Mimi nabeba gari, sibebi taa kando."

Nilijua zinapaswa kuwa wapi. Mwalimu Maryann wa darasa letu la jioni alitaka kila mtu aandike ukurasa mmoja juu ya kitu cha kazini kwake, nami nikachagua gari hili. Nasoma polepole, kidole kikiwa juu ya skrini ya simu. Nilikuwa nimesoma kwamba Riviera lilianza kuuzwa kama gari la mwaka 1963, likiwa na taa nne za duara, mbili kila upande, zinazoonekana wazi. Ile picha nilikuwa nimeikariri.

"Zimeibwa jana pale kituo cha petroli, tuliposimama," nikasema.

"Nani alisimamisha lori? Si wewe, mchungaji! Eti unataka kuomba. Wewe umefunga macho, mwizi anafungua skrubu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula kuku."

"Au wewe ndiye unajua zimeuzwa wapi."

"Umeniita mwizi?" Zablon akauliza taratibu, akaenda kuketi kwenye lori.

Nikasogea kando, nikaomba kimoyomoyo. Bwana, nipe nguvu ya kusema ukweli, hata kama harusi itanipita.

Baba Mansur alifika pamoja na Danson, Mkenya mwenzetu anayelinda nyumba yake. Sikungoja aniulize.

"Baba, nisamehe. Taa zimeibwa njiani. Mimi ndiye niliyesimamisha lori nikaacha gari. Sina ushahidi wowote juu ya dereva."

Mzee aliliangalia gari, akaniangalia mimi. Akafungua mlango, akaketi, akavuta swichi.

Kitu kikanguruma ndani kama mashine ya kusaga. Kwenye pembe mbili za mbele vifuniko vikapasuka katikati, nusu ikapanda, nusu ikashuka. Nyuma yake kulikuwa na taa, moja juu ya nyingine, zote nne, zikatuwakia usoni.

"Wooi!" Danson akaruka nyuma.

"Umesoma mpaka mwaka gani?" Baba Mansur akauliza nilipomweleza habari ya darasa.

"Sitini na tatu, Baba."

Alicheka mpaka kilemba kikamteleza. Akaniambia sitini na tano ndipo walipozificha taa. Mwaka uliofuata wakalifanya gari kubwa zaidi. Sabini na moja wakalichonga mgongo kama mkia wa mashua, na marehemu baba yake alikuwa nalo moja la aina hiyo. Tisini na tisa wakaacha kabisa kulitengeneza.

Kisha akampigia bosi simu, sauti ikisikika kwetu sote. "Gari zima."

"Alhamdulillahi. Mwambie Jackton afunge mizigo."

Nikakaa ukingoni mwa barabara, nikamshukuru Yesu kwa sauti, halafu nikakumbuka niko Saudia, nikaishusha sauti. Machozi yalitoka nikacheka papo hapo.

Zablon akasimama mbele yangu. "Na mimi je, bado mwizi?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimesamehe. Lakini ulinitukana kwa sauti, basi sema kwa sauti. Mzee asikie, Danson asikie. Usininong'onezee kama maombi yako."

Nikainuka, nikavua kofia.

"Baba Mansur, Danson, nisikieni. Zablon si mwizi. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu, sitamtupia tena mtu lawama kwa jambo nisilolijua."