Mpaina wa Mwisho wa Ishengoma

Migomba ya Kokubanza ilijulikana Nshamba nzima, na hiyo sifa ndiyo iliyomponza. Mama aliyezoea kusifiwa mikungu yake utamwambia nini habari ya mti?

Marehemu mumewe, Ishengoma, alipanda mipaina mitatu uani mwaka wa Uhuru. Alipofariki, miaka kumi na moja baadaye, Kokubanza akaanza kuisikiliza. Upepo wa ziwani ulipopita jioni, miti ilivuma taratibu, naye akasikia mumewe akivuta pumzi usingizini. Alisinzia pale kwenye kigoda, asijue kama yuko uani au chumbani, na wala hakutaka kujua.

Basi akaitunza kama migomba. Alikata nyasi kule rweya, kwenye mbuga juu ya kijiji, akazirundika shinani hadi usawa wa magoti. Juu yake samadi, na kila asubuhi majivu ya jikoni. Mpaina wa kwanza ukageuka rangi ya kutu. Akaongeza samadi. Wa pili ukakauka kuanzia kileleni. Akaongeza nyasi.

Siku moja alipita Anatory, bwana miti wa tarafa, akihimiza shamba la miti la kijiji cha ujamaa. Alifukua rundo kwa kijiti. Gome lilimenyeka, limelowa, linanuka.

“Mama, waitu, huu si mgomba,” alisema kwa heshima ya Kihaya. “Mpaina hautaki samadi wala majivu, unataka kukaa mkavu. Hii miwili imekwisha. Huu wa tatu uondolee kila kitu, halafu uuache.”

“Niuache shina wazi? Watu watasema nimemsahau mume wangu.”

“Waache waseme, mama.”

Anatory alipoondoka, Kokubanza alikasirika mpaka akalia. Ndipo akamkumbuka Ishengoma wiki ile ya mwisho, akisukuma blanketi, akiomba atolewe nje. “Niache nipate upepo,” alikuwa akisema. Yeye akamfunika tena, akafunga na dirisha. Alidhani ni homa inayosema.

Alipiga magoti, akaondoa nyasi kwa mikono mpaka mizizi ikaonekana. Majirani walichungulia, hakuwajali. Kisha akakaa chini kando ya ule mpaina uliobaki kijani nusu. Mikono ilimwasha kwa kutaka kazi. Akaikalia.