Kikohozi cha Shangazi

Fundi rangi alisimama mlangoni kwake na, kwa mara ya kwanza maishani, akamzibia njia dada yake mkubwa.

“Ni vumbi tu,” dada alisema, akakohoa tena, kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa. Mkononi alikuwa na mfuko wa vinguo vya kichanga. “Nipishe nimpakate mtoto.”

“Leo humpakati.”

“Wewe! Mimi niliyekubeba mgongoni?”

Hilo ndilo lililomchemsha zaidi, maana ni kweli. Dada ndiye aliyemlea. Ndiyo sababu miaka saba iliyopita fundi alifyata mkia dada alipoingia na kikohozi hikihiki, akamchukua binti wa kwanza wa fundi, angali mchanga, akambusu mashavu na mdomo. Haikupita wiki mtoto akawa hospitali, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, mpira wa oksijeni puani. Akapona, watu wakashangilia. Kisha kila mafua yalipoingia nyumbani kifua chake kikawa kinapiga filimbi, mpaka ikagundulika ni pumu.

Fundi alimuuliza daktari kama pumu ililetwa na ule ugonjwa wa uchangani. Daktari akasema wanaougua hivyo utotoni huwa hatarini zaidi kupata pumu, ila kwa huyu mmoja hakuna awezaye kuapa. Huenda mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu tumboni. Jibu gani hilo! Angepewa mtu wa kumlaumu, angalau angelala. Sasa amebaki na hasira tu, na nyumba isiyopakwa rangi kwa sababu harufu yake humbana binti. Fundi rangi mzima, kuta tupu! Majirani walimcheka, naye aliwachukia wote.

“Huyo mkubwa mmemdekeza,” dada aliendelea. “Mtoto akikohoa kidogo, mbio na pampu ya pumu.”

“Dada, usinitibue!”

Binti alikuwa ndiyo kwanza anatoka shule. Alipomwona shangazi yake alitimua mbio kutoka getini, akaishia katikati ya uwanja. Mabega yakapanda, shingo ikakakamaa, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi mwembamba. Dada alikuwa hajawahi kuliona hilo, siku zote alisimuliwa tu.

Fundi alichomoa pampu kwenye begi la shule. “Vuta, mama. Taratibu. Tena.”

Dada aliinama amshike, kikohozi kikambana. Akarudi nyuma haraka, mdomo kautia kwenye kiwiko, akasimama kule kule mbali.

Binti alipotulia, akauliza, “Shangazi, umeshamwona mdogo wangu?”

“Nitamwona nikipona.”

Akauning’iniza mfuko getini, akaondoka bila kuaga. Fundi alitaka kumwita, ila hasira ilimshinda. Alimsikia akikohoa mpaka alipokata kona. Kisha akautwaa mfuko, akavitumbukiza vile vinguo kwenye ndoo ya sabuni, akavifikicha kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma.