Mfuko wa Kulia

Kaka yangu hachoki kuhubiri uhuru. Ile sheria mpya ya kutaka bastola zifungiwe kwenye kasha la chuma imempandisha mori. "Mwizi akiingia nimwambie asubiri kidogo, natafuta ufunguo?" anauliza, halafu anacheka peke yake. Nikimjibu, ananiambia mimi ni dobi, nishughulike na pasi yangu.

Jana asubuhi akaniletea koti nilipige pasi. Akalitundika kwenye kiti, akaenda zake kwa kinyozi. Binti yangu, ambaye hajaanza hata shule, akalirukia kama kawaida, maana mjomba wake hakosi kumfichia peremende mfukoni. Akaipata, akaimenya, akakimbilia uani shavu limemvimba.

Nikalichukua koti. Mbona zito? Nikatia mkono kwenye mfuko wa pili, nikashika chuma baridi. Bastola!

Damu ilinichemka. Nikaifungia kabatini, nikamsubiri.

Akarudi kidevu kinang'aa. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Aliulizia bastola yake.

"Wewe una akili timamu kweli?" nikamfokea. "Unaacha bastola kwenye koti analopekua mtoto!"

"Kwani imelia? Nimesahau tu, dada. Usikuze mambo. Ile ni haki yangu."

"Haki yako nimeiona," nikamwambia. "Ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto. Mwanangu yuko hai kwa sababu alianza na wa kulia."