Kiendeshi cha Nyumba ya Mzee Shomvi

Usiku wa kuamkia leo nimeota mwanangu Zamda amefungiwa ndani ya kompyuta yake, na pumzi zinamwishia.

Zamda ndiye kitinda mimba wangu. Kazi yake ni kutengeneza viendeshi, yaani programu ndogo zinazoifundisha kompyuta kuendesha kifaa, na sasa anatengeneza cha mashine ya kupumulia ya hospitali. Alishanieleza kwamba kiendeshi hakikai na programu nyingine. Kinaingia ndani kabisa, kwenye kiini.

Katika ndoto, kiini ni chumba cha kati cha nyumba yetu. Hakina dirisha. Zamda yumo, namsikia anavyovuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

Nje ya mlango sufuria kubwa inachemka juu ya mkaa.

"Shikamoo, mama," sufuria inaniamkia.

"Marahaba. Mwanangu yumo humo."

"Najua. Anataka kiendeshi cha kumvutia hewa. Mimi nakipika hapa, kikafanye kazi kule. Nyumba za bati, za makuti, za vigae, zote nazipikia. Wewe nitajie tu nyumba."

"Nyumba ya Mzee Shomvi," nikasema. Ndivyo mtaa mzima unavyoiita, hata baada ya mimi kumzika mume wangu.

Kifuniko kikainuka. Akatoka mtu mdogo, kimo cha kinu, kavaa kanzu na kofia ya marehemu. Akanisalimu kwa sauti ya marehemu. Sikujua niitikie au nisome Ayatul Kursiy, nikafanya yote mawili.

Anaupita mlango, anakwenda kupiga ukuta kwa bega.

"Mlango uko huku," namwambia.

"Mimi nimepikiwa nyumba ya Shomvi. Mlango wake uko hapa."

Kweli, zamani ulikuwa hapo. Zamda aliuziba alipoikarabati nyumba, baba yake hayupo tena duniani.

Ukuta unapasuka ufa. Sasa tuko wodini, vitanda vimejipanga hadi macho yanachoka, na kwenye kila kitanda amelala Zamda. Wote wanagawana pumzi moja. Akivuta huyu, yule anangoja.

"Mzuie," sufuria inasema, taratibu tu, kama inaniomba chumvi. "Sebuleni mtu akianguka, wenzake wanaendelea kula. Kwenye kiini akianguka mmoja, nyumba nzima inazimika, na waliomo."

"Basi nipikie mwingine."

"Huyu arudi humu ndani yangu kwanza. Sipiki kipya juu ya ukoko wa zamani."

Nikamshika mkono. Mkono wenyewe naujua, hadi kovu la panga.

"Mama Zamda, kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, baba Zamda. Nyumba ndiyo imebadilika."

Akanitazama, kisha akapanda mwenyewe, akaingia kama mtu anayeingia kuoga. Kanzu ikaelea kidogo, ikazama. Nikafunika. Nikasema inna lillahi, kama nilivyosema siku ile.

"Nyumba ya nani?" sufuria ikauliza.

Vitanda vyote vimenyamaza. Hakuna Zamda hata mmoja anayevuta.

"Yangu," nikasema. "Ya Hadia binti Mbwana."

Akatoka mwingine. Huyu sura yake siijui, wala hakunisalimu.

"Mtie sahihi," sufuria ikasema. "Asiye na sahihi hapiti."

"Kalamu sina."

"Mkaa unao."

Nikabonyeza kidole gumba kwenye mkaa uliozimika, nikampiga chapa katikati ya paji la uso. Akaenda moja kwa moja mlangoni, ule mlango wa sasa, akapita. Mimi nikabaki nimeshika kitasa, nasikiliza. Kimya. Kimya tena. Kisha ndani mtu akavuta pumzi ndefu, mpaka pazia likanyonywa chini ya mlango.

Nikaamka. Muadhini alikuwa katikati ya adhana ya alfajiri.

"Zamda," nikaita.

"Abee mama."

"Unapumua?"

"Mama jamani. Mtu anaitika bila kupumua?"

Nikamwambia alale. Nikaenda uani kutawadha. Nilipoanza na viganja, maji ya mkono wa kulia yakatoka meusi. Nikasugua kidole gumba, yakazidi weusi, yakatiririka sakafuni hadi kwenye tundu la maji machafu.

Sisi hapa tunapikia gesi.