Herufi Nene za Jawahir

Kwa miaka tisa Jawahir alikuwa akiandika majina kwenye mitungi ya plastiki ya maziwa hapa Isiolo, na herufi zake zilijulikana hata na wasiojua kusoma. Zilikuwa nene, za mviringo, zimeshiba kabisa, hazina kona hata moja. Kila asubuhi kina mama walipakia maziwa ya ngamia kwenye basi la Nairobi, na mitungi mitupu iliporudi, kila mmoja alichomoa wake kwenye rundo bila kuuliza mtu.

Unene ule haukuwa mapambo. Mtungi huoshwa kwa maji moto na majivu, husuguliwa, kisha hufukizwa moshi, kila siku. Mwanzoni Jawahir aliandika herufi nyembamba zenye ncha, akaona rangi inaanza kubanduka kwenye zile ncha, ndipo akaziondoa. Mizunguko aliichora kwa kifuniko cha kopo. Tundu la A na la O alilipima kwa kidole chake, lisije likazibwa na masizi. Hakuna aliyemfundisha, na jambo hilo lilimpa kiburi ambacho hakujisumbua kukificha.

Basi chama cha wauza maziwa kikapata mwenyekiti mpya, Shuriye, mtu wa shati lililopigwa pasi. Siku moja alirudi kutoka Nairobi na karatasi yenye herufi nyembamba kama sindano, akasema wanunuzi wanawacheka, eti herufi za Jawahir ni za chekechea. Akaagiza herufi zote zikwaruzwe siku ya Ijumaa, kisha Jawahir aandike upya kwa mtindo wa karatasi ile. Akikataa, kazi atapewa mwingine.

Jawahir alikataa palepale. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka, lakini alimtazama usoni akamwambia hatakwaruza na hataandika nyembamba.

Ijumaa kina mama walifika na mitungi yao, wakaketi, visu mapajani. Hakuna aliyeanza. Shuriye akakunja mikono ya shati, akauchukua mtungi wa Gumato, aliyewazidi wote umri, ili awaonyeshe mfano.

Akatafuta pa kuingizia kisu. Hapakuwa na kona. Akajaribu juu, akajaribu chini, kisu kikawa kinateleza tu mgongoni mwa G. Jasho likamtoka, shati likachafuka, na baada ya nusu saa alikuwa amebandua rangi isiyozidi ukucha wa kidole. Akakandamiza kwa hasira. Kisu kikapenya plastiki mpaka ndani.

Gumato aliuinua mtungi wake juani, akachungulia lile tundu.

"Mwenyekiti, sasa maziwa yangu nitaweka wapi?"

G ilikuwa palepale, imeshiba kama kawaida.

Shuriye akamgeukia Jawahir, safari hii kwa sauti ya chini, akamwomba angalau awape dawa ya kutoa rangi, maana aliyeiweka hakosi kujua namna ya kuitoa.

"Mimi sikuandika hizi zitoke," Jawahir alisema.

Akafungua kopo la rangi, akauliza nani ana mtungi mpya. Gumato akamwambia mwenyekiti akamletee mmoja, na kina mama wote wakabaki wamekaa, wanamngoja. Shuriye alienda sokoni kwa miguu, akarudi nao. Jawahir akaandika GUMATO, herufi nene kupita zote alizowahi kuandika, na mwenyekiti akiwa amepiga magoti, ameushikilia mtungi usimteleze.