Mkanda Uliovutwa Mpaka Mwisho

Pale yadi ya magari kila mtu alimwita Tambara, na jina hilo alibandikwa na muuzaji. Muuzaji naye alikuwa na lake, Shemeji, kwa sababu kila mwanamke aliyekanyaga kokoto za yadi alimwita shemeji, awe bikizee au msichana wa shule, mpaka watu wakachoka kumuuliza ameoa wapi kote huko.

Tambara alikuwa muosha magari. Wengine huosha gari linaloonekana. Yeye aliosha na lisiloonekana: mifereji ya milango, chini ya reli za viti, na mikanda ya viti. Mikanda hasa. Aliuvuta mkanda mpaka unapogoma, akaubana kwa kibanio cha nguo usirudi ndani, akausugua kwa brashi yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. "Mkanda unapita kifuani mwa mtu," alikuwa akisema. "Unakula jasho la kila aliyekaa."

Ndivyo alivyojua habari za lile gari jeusi.

Lilikuja Jumatatu juu ya lori: kubwa, la kifahari, limetumika lakini ukilitazama utadhani limezaliwa jana. Viti vya ngozi rangi ya maziwa, na marashi ndani mpaka pua inawasha. Tambara akaanza na mkanda wa mbele, upande wa abiria. Kipande cha kwanza kilitoka cheusi, safi. Akavuta, akavuta, na karibu na mwisho mkanda ukageuka rangi, ukawa na mstari wa rangi ya chai ya maziwa, na unga wa udongo ukamshika vidoleni. Akainua kona ya kapeti. Tope lilishakauka, limepasuka vipande vipande kama kiwanja cha mpira wakati wa kiangazi.

Gari lilikuwa limelala majini. Si kupita kwenye dimbwi. Kulala.

Akamwita Shemeji, akamwonyesha. Shemeji akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

"Basi ishia hapo hapo la saba. Mambo ya maji na injini waachie wenye vyeti. Rudisha mkanda."

"Sijausugua bado."

"Nani kakutuma? Nani duniani anavuta mkanda mpaka mwisho? Rudisha, kisha kapake matairi rangi!"

Akatoa kibanio. Mkanda ukaingia ndani na uchafu wake, fyuu. Laiti Shemeji angemwachia nusu saa na sabuni, ule mstari ungetoka na pengine dunia isingejua. Lakini alikuwa mchoyo hata wa nusu saa ya mtu mwingine.

Siku tatu Tambara alilala na neno hilo moja: rudisha. Kuambiwa la saba hakukumuuma. La saba alilimaliza kwa miguu yake, kwenda na kurudi. Kilichomchoma ni kuambiwa kwa mdomo wa mtu aufiche uchafu kwa mkono wake yeye, mkono ambao kazi yake yote ni kuutoa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, likaingia gari jekundu la spoti, la viti viwili, chini chini kama limeinama kutafuta sindano. Aliyeliendesha alikuwa mwanamke mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, amesahau kuuvua. Fundi wa magauni ya harusi. Kando yake alikaa mama yake, bibi mnene mwenye magoti yaliyokwisha kazi.

Kumtoa bibi mle ndani kulitaka watu wawili. Tambara akatua ndoo akaenda kushika mkono wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vuta, usiogope, sivunjiki. Humu ni kaburini, tofauti yake kuna redio."

"Mama jamani!" fundi akasema.

"Nasema uongo? Kila nikienda kliniki nazikwa na kufufuliwa mara mbili."

Fundi alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya paa la gari, unalipapasa kama shavu la mtoto anayepelekwa bweni. "Miaka kumi na mmoja nimeshona harusi za watu ili nilipate hili," alimwambia Tambara kwa sauti ndogo. "Sasa nataka la juu, mama aingie kwa kupanda, si kwa kutumbukizwa."

Shemeji alishafika, mikono imefunguka. "Shemeji yangu, karibu! Dawa yako ile pale, nyeusi. Tunabadilishana gari kwa gari. Unaacha la chini, unaondoka na la juu, leo leo."

"Huniambii niongeze chochote?"

"Kwa ajili ya mama. Mimi nina moyo, shemeji."

"Na moyo huo leo umeutoa wapi, kijana?" bibi akauliza.

Shemeji akacheka kuliko wote, ingawa aliyetaniwa ni yeye. Funguo za gari jekundu zilikuwa tayari kidoleni mwake, anazizungusha.

Wakampandisha bibi kiti cha mbele cha lile jeusi. Akaweka mguu kwenye kikanyagio, akajivuta, akakaa wima kama hakimu. "Haa! Leo naona vipara vya watu!" Akagonga dashibodi, akajaribu kioo, akashusha, akapandisha. Fundi akamtazama mama yake, uso ukamfunguka, na Tambara akaona kwamba gauni la mwisho limeshashonwa. Mwanamke huyu atakubali.

Tambara alisimama na tambara lake. Akisema, kazi imekwenda. Akinyamaza, bibi ataondoka amefungwa mkanda wa tope.

"Mbona limeng'aa hivi?" fundi akauliza. "Kaliosha nani?"

Shemeji angeweza kujibu kwa neno moja. Lakini kifua kilishajaa.

"Si huyu hapa! Tambara wetu. Huyu, shemeji, anaosha hata mikanda ya viti, tena mpaka mwisho. Gari likipita mikononi mwake halina siri. Uongo, Tambara?"

Na akamkonyeza.

Damu ilimpanda Tambara mpaka masikioni. Kumfunga mdomo alimfunga. Sasa anamtaka awe shahidi wake!

"Huu wa bibi sikuuosha," akasema.

"Anatania huyu, shemeji, ana utani..."

"Ulinikataza. Samahani, bibi, nipishe kidogo."

Akaushika mkanda akauvuta, mkono juu ya mkono. Ukatoka mweusi, ukatoka mweusi, kisha ukatoka na mstari wake. Akaubana kwa kibanio.

Fundi alikipitisha kitambaa cha mkanda kati ya vidole viwili, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Alikuwa amewahi kurudishiwa magauni kutoka nyumba zilizoingiliwa na mafuriko.

"Hiki kimelala majini."

"Hiyo ni chai, shemeji. Mwenye gari wa kwanza alimwaga chai."

"Chai yenye mchanga?"

"Labda ni chai ya mtoni," bibi akasema kutoka juu.

"Mimi si shemeji yako!" Sauti ya fundi ilipasuka hivi kwamba walinzi wa jengo la pili waligeuka. "Ungempakia mama yangu humu, gari lizime katikati ya barabara, nyuma kuna malori! Na ulijua! Nipe funguo zangu."

Shemeji akazitoa kidoleni kama pete ya uchumba uliovunjika. Kisha akamgeukia Tambara. "Na wewe, toka! Usinikanyagie kokoto zangu tena!"

"Nitatoka. Kwanza nimshushe bibi."

Wakamshusha, wakamtumbukiza tena kwenye lile jekundu, magoti yakalia. Bibi akamshika Tambara mkono.

"Unajua umenirudisha kaburini?"

"Najua, bibi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hili angalau halina maji."

"Ningekupa lifti, mdogo wangu," fundi akasema, na aibu ya kweli usoni. "Lakini viti ni hivi viwili."

"Nitatembea, dada."

Akarudi kuchukua brashi. Ndoo ilikuwa ya yadi, akaiacha. Kibanio kilikuwa chake. Alipokibandua, mkanda ukataka kukimbilia ndani kama siku ile. Akaudaka. Akauvuta mpaka mwisho, akautoa nje na kuubamizia mlango, ile sehemu ya tope ikabaki inaning'inia juu ya rangi nyeusi inayong'aa, kama ulimi.

"Unafanya nini wewe!"

"Uliuliza nani duniani anavuta mkanda mpaka mwisho."

"Na wa upande wa pili!" bibi akapiga kelele kutoka chini. "Usimwachie!"

Tambara akazunguka, akavuta na wa dereva, akabamiza. Shemeji alikuwa anakimbilia mlango wa kwanza pale mume na mke, wateja wapya, waliposimama getini, wakatazama gari jeusi na ndimi zake mbili, wakatazamana, kisha wakaendelea na safari yao.

Tambara akapita kando yao na brashi mkononi, bado kavu, haijagusa mikanda ile.