Nyoka Tisa wa Kaka Harm

Kaka yangu Harm alivunjika nyonga saa nne asubuhi, na gari la wagonjwa nililiita saa nne na nusu. Nusu saa hiyo nimeulizwa sana. Wauguzi waliuliza, mchungaji akauliza, na mke wa mchungaji akauliza mara mbili. Niliwajibu kwamba simu ilikuwa mbali. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikuwa nimevuka barabara kumpelekea maharage mabichi ya bustanini. Nikamkuta amelala chini ya ngazi za baraza lake, mguu mmoja umegeukia upande usio wake, na pembeni ndoo nyeupe yenye mfuniko.

"Usiipige teke hiyo ndoo," alisema.

"Harm, umevunjika."

"Najua nimevunjika, mimi si mjinga. Ndani mna nyoka. Mrudishe bondeni kabla jua halijamuua."

"Nyoka gani?"

Ndoo ikajibu yenyewe. Ilitoa mlio mkavu, kama panzi aliyenaswa ndani ya bahasha. Masasauga. Ni nyoka mfupi, mnene, wa kijivu, mwenye kayamba mkiani, na hapa kwetu Michigan kila mzee ana hadithi ya jinsi alivyomkata kichwa. Hakuna aliyekuwa na hadithi nyingi kumshinda Harm. Kila Jumamosi, kwenye ghala la nafaka ambako wazee hunywa kahawa, walimuuliza, "Wangapi wiki hii?" naye akajibu, "Watatu," au "Wawili, mmoja alikuwa mkubwa." Kwenye kioo cha gari lake lilining'inia kayamba kavu. Watoto walipelekwa kuliangalia.

"Nilimwokota barabarani," alisema sasa. "Angekanyagwa na lori la maziwa. Arlene, sikiliza. Ndoo kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Daftari liko chini ya kiti cha gari langu. Ukurasa wa mwisho nimechora anapokaa. Na usimwambie mtu."

"Harm..."

"Apa."

Nikaapa. Mtu amelala mguu umegeuka, utamkatalia nini?

Basi mimi, Arlene Zylman, mwenye umri wa miaka sabini na moja, mpishi mstaafu wa shule, niliteremka bondeni na ndoo ya nyoka mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Nyasi zilinifika kifuani. Nililipata tuta lililochorwa, nikainamisha ndoo kwa fimbo, nikarudi nyuma hatua nyingi kuliko ilivyohitajika. Nyoka alitoka taratibu, akajikunja juani, akanitazama bila kunijali. Tumbo lake lilikuwa limejaa watoto.

Gari la wagonjwa lilipoondoka nikakaa ndani ya gari la Harm na kulisoma daftari lote. Kila nyoka aliyewahi kudai amemuua alikuwemo humo, kwa tarehe, mzima. "Jike, kovu shingoni, mjamzito." "Dume, kayamba vipande saba, amevushwa barabara." Katikati ya kurasa ilikunjwa karatasi yenye mhuri wa ofisi ya wanyamapori, na hapo nikaelewa mambo mawili. La kwanza, kwa nini kaka yangu, mtu aliyekuwa akifyeka nyasi hata za kaburini kwa kamba na rula, alikuwa hajafyeka bonde lake kwa miaka miwili. La pili, yule binti Britta Okerlund aliyekuja kila wiki na kuegesha gari nyuma ya banda hakuwa muuza bima, bali mtu wa ofisi hiyo. Watu walikuwa wakishangaa mzee asiye na hata ng'ombe anakatiwa bima gani isiyokwisha.

Karatasi ilikuwa ya hiari. Harm alikubali kutofyeka wala kulima bonde tangu vyura waanze kulia hadi mwezi wa kumi, na kama ni kuchoma nyasi, achome mwezi wa tatu, nyoka wakiwa bado wamelala kwenye mashimo yanayochimbwa na kamba wa matopeni, wale jamaa wa uduvi. Serikali nayo iliahidi kwamba siku nyoka huyo akiingizwa kwenye orodha ya wanaolindwa kwa sheria, hakuna atakayemdai Harm zaidi ya aliyokwisha kukubali. Jina lake halingetangazwa. Neno hilo la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara tatu.

Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza. Kilikuwa kipande cha karatasi ya shule kilichobandikwa kwa gundi, mwandiko wa mtoto.

"Mmoja. Debe la maziwa. Amekufa. Arlene."

Nilikuwa na miaka sita, yeye tisa. Alimfuga masasauga kwenye debe kuukuu nyuma ya banda, akampa panya, akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimwambia baba wakati wa chakula cha mchana. Baba alimaliza viazi vyake kwanza, akafuta mdomo, akachukua jembe. Tangu siku ile Harm alianza kusema anawachukia nyoka, na mimi nikaanza kuitwa mdomo wazi. Miaka sitini na tano sikujua kwamba imeandikwa mahali. Nililia kidogo pale garini, nikarudisha daftari chini ya kiti.

Jumapili, baada ya ibada, Dewey Kamps alisimama kwenye meza ya kahawa. Dewey ni jirani yetu wa kaskazini, shemasi, mtu mwema kiasi kwamba humwezi.

"Arlene, usiwe na wasiwasi wowote," alisema. "Jumamosi tunakuja kumfyekea Harm bonde lake."

"Hapana, jamani, mna kazi zenu."

"Kazi gani? Harm alinivunia mahindi mwaka nilipofanyiwa upasuaji. Bonde lile linatia huruma. Kila nikipita kwenda kanisani nageuza macho."

"Kuna tope."

"Mvua haijanyesha wiki tano."

"Anapenda kufyeka mwenyewe."

"Kwa nyonga gani?" aliuliza, na meza nzima ikacheka kwa upole.

Kwetu msaada haukataliwi. Familia ya Boersma waliwahi kuukataa, mwaka baba yao alipoumia mgongo. Walisema watavuna wenyewe, na wakavuna wenyewe. Ni miaka thelathini sasa na bado huitwa "wale Boersma." Binti yao alipoolewa, watu walipeleka zawadi ndogondogo.

Nilimpigia Britta kwa namba iliyokuwa kwenye ile karatasi. Alisema hana ruhusa kumtaja mwenye shamba kwa mtu yeyote.

"Wakifyeka, watashtakiwa?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ni hiari. Hakuna polisi, hakuna kesi. Ila wajawazito wote sasa hivi wako juu ya matuta wanaota jua. Mashine zikipita, hatabaki hata mmoja."

Jumatano nikaenda hospitali. Harm alikuwa amenyooka kitandani kama gogo, anatazama dari.

"Wazuie," alisema.

"Nitawazuia vipi bila kusema sababu?"

"Miaka yote una maneno, leo yameisha?"

"Harm, nichagulie. Nikinyamaza watakufa. Nikisema, Dewey atajua, na akijua Dewey, hata maiti watajua."

"Wataniambia nini pale kwenye kahawa? Miaka arobaini nimekuwa naua nyoka pale." Alivuta shuka hadi kidevuni. "Uliapa, Arlene."

"Niliapa na mara ile ya debe."

Aligeuza uso ukutani. Nilikaa pale nikala jeli yake, maana yeye hakuitaka, nikaondoka.

Jumamosi saa moja asubuhi matrekta yalikuja. Bonde lile linatosha kwa matrekta mawili, lakini yalikuja kumi na moja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye hakuja. Nyuma yao wanawake na magari ya chakula: mikate midogo ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, keki za kukata vipande, birika mbili za kahawa. Nilisimama katikati ya lango la bonde nimevaa buti za Harm, daftari mkononi.

Dewey alizima injini. "Arlene, sogea, mama. Utaumia."

"Sisogei."

"Kuna nini?"

Bado ningeweza kusema nimeona nyuki. Ningeweza kusema bomba la gesi. Nilikuwa nimeyapanga yote mawili, na la nyuki lilikuwa zuri. Lakini nyuki wangenipa wiki moja tu, kisha Dewey angerudi na moshi na mfugaji nyuki.

"Kuna nyoka tisa wajawazito humu ndani," nilisema, "na Harm anawatunza. Hajawahi kuua hata mmoja. Ametia saini na serikali asifyeke. Kwa hiari yake."

Trekta moja nyuma lilikuwa halijazimwa. Likazimwa.

"Harm gani?" aliuliza mtu.

Basi nikafungua daftari nikawasomea. Jike, kovu shingoni. Jike, mweusi kuliko wote, tuta la pili. Jike, amevushwa barabara mara nne, habadiliki. Nilipofika wa tatu Dewey aliingiza mkono mfukoni akatoa peremende, akaiweka mdomoni, akampa na aliyekuwa karibu naye. Peremende sisi hula kanisani mahubiri yakianza kurefuka, nikajua kwamba angalau watanisikiliza hadi mwisho. Nikasoma wote tisa. Ukurasa wa kwanza sikuusoma.

"Watatu wa wiki ya Pasaka," alisema mzee mmoja. "Alituambia aliwakata kwa jembe."

"Wamo," nikasema. "Wazima."

"Na yule mkubwa?"

"Mzima."

"Mwongo mkubwa huyu," alisema mzee, na usoni mwake niliona kitu kinachokaribia heshima.

Dewey alitazama nyasi, akatazama matrekta kumi na moja, akatazama saladi ya viazi iliyokuwa tayari juani. Nilimwona anahangaika. Watu hawa hawajui kurudi nyumbani bila kufanya kazi.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza, karibu kwa kilio.

"Alianguka kwenye ngazi za baraza," nilisema.

Wanaume kumi na mmoja wakajenga upya ngazi nne. Walibishana juu ya kila msumari. Kufika saa saba baraza la Harm lilikuwa na reli ya kushikia inayoweza kumzuia fahali, pande zote mbili, na ya tatu katikati kwa sababu mbao zilibaki. Nyasi za mbele ya nyumba walizifyeka mara mbili. Dewey alikuwa wa mwisho kuondoka. Alizungukazunguka gari lake.

"Ile kona yangu ya majimaji," alisema, "inapakana na bonde la Harm."

"Ndiyo."

"Sisemi kitu. Ila nipe namba ya yule binti wa bima." Akawasha gari. "Na usimwambie mtu."

Harm alirudi mwisho wa mwezi wa nane, na magongo mawili. Alisimama mbele ya ngazi akaziangalia reli zote tatu kwa muda.

"Umesema," alisema.

"Nimesema."

"Wote?"

"Wote wanajua. Wamekuwekea kikombe kipya kule kwenye kahawa. Kina picha ya nyoka. Ni kibaya sana."

Hakucheka. Alishika reli ya katikati, akapanda ngazi moja moja, akakaa kwenye kiti, akaniambia nimletee daftari. Kwenda bondeni hakuweza, kwa hiyo nilikuwa nimehesabu mimi, kila asubuhi, kwa buti zake. Nilikuwa nimewaona watoto pia, wembamba kama penseli, kila mmoja na kitone kimoja cha kayamba kisichotoa sauti bado. Nilikuwa nimeandika haya yote kwenye karatasi ya orodha ya dukani, kwa sababu kwenye daftari lake sikuthubutu.

Nilimsomea. Aliuliza kuhusu yule mwenye kovu. Nikamwambia mzima. Akauliza yule wa barabarani, yule wa ndoo. Nikamwambia mzima, na watoto wanane.

Alitafuta kalamu mfukoni, akaandika. Kisha akaniachia daftari magotini akafumba macho, kama mtu aliyechoka na safari. Chini ya tarehe ya Jumamosi ile aliandika:

"Tisa. Bondeni. Wote hai. Arlene."